Bi Muriel Hathersage na Ubeti Usiokuwamo

Alhamisi hii, tarehe 30 Septemba 1993, Bi Muriel Hathersage anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Uchapaji ya Kettleby, hapa Worcester, kwa miaka thelathini na minane kamili. Katika miaka yote hiyo amekosa kazini siku kumi na moja. Nne kati ya hizo mto Severn ulikuwa umeingia mtaani kwao, naye alituma ujumbe kwamba angekuja kama tungempelekea mtumbwi. Hatukumpelekea. Tulidhani anatania.

Mimi ni Gilbert Sparrey, msimamizi wa chumba cha uhariri, na nimefanya naye kazi miaka yote hiyo isipokuwa ule wa kwanza. Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na mkurugenzi, kama desturi. Bi Hathersage alikataa. Alikuja mezani kwangu na kusema, "Utaandika wewe, Bwana Sparrey. Yote. Usipunguze, usiongeze." Waliowahi kumletea tafsiri wanaijua amri hiyo; ndiyo aliyompa kila mfasiri aliyepanda ngazi zetu. Basi wasomaji wa jarida hili waliozoea wasifu wa vicheko na keki watanivumilia. Keki ipo, chumba cha juu, saa tisa.

Alifika Septemba 1955, akiwa na miaka ishirini na miwili, shahada ya Kilatini ya daraja la kwanza, na koti la sufu la kijani ambalo nadhani bado analo. Alipewa ule mfululizo wetu wa mashairi ya Warumi wa kale kwa Kiingereza cha kishairi: Kilatini kurasa za kushoto, Kiingereza kulia, ili kila mtu aone nani kamdanganya nani. Tulichapa mapenzi na vita tu, kwa kuwa ndivyo vilivyotoka. Shule zilinunua vita, na wake za walimu walinunua mapenzi. Kabla ya miaka miwili kwisha hapakuwa na mshororo hata mmoja ulioshuka mitamboni bila kupita chini ya penseli yake ya bluu.

Ndiye aliyeanzisha kisomo cha Alhamisi. Saa tisa, baada ya chai, tafsiri iliyokuwa mkononi husomwa kwa sauti katika chumba kilicho juu ya mitambo. Mmoja husoma mshororo wa Kilatini, mwingine hujibu kwa Kiingereza, na Bi Hathersage hugonga meza kwa kitako cha penseli akihesabu mizani. Penseli ikisita, kila mtu amejua. Mfasiri hurudi nyumbani na mshororo wake kama mtoto aliyerudishwa kunawa mikono.

Visa ni vingi. Profesa mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, aliwalisha askari wa Kirumi viazi kwa sababu alikosa kina. Bi Hathersage aliandika pembeni: "Viazi vilikuwa bado ng'ambo ya bahari. Wape dengu." Profesa akaleta barua ya kurasa tatu kutetea viazi vyake. Alijibiwa kwa kadi ya posta yenye neno moja, "Dengu." Dengu zile zipo hadi leo, ukurasa wa 114. Kisha kulikuwa na mchungaji kutoka upande wa Hereford, mtu mpole sana, aliyetafsiri mashairi ya mapenzi kwa staha hadi wapenzi wakaonekana wajumbe wa kamati. Bi Hathersage alimsikiliza beti sita nzima, akaweka penseli chini. "Mchungaji," akauliza, "hawa wawili wameshakutana kweli?"

Mchungaji alicheka hadi akamwaga chai. Ndivyo Bi Hathersage alivyo: anakukata na unamshukuru. Diwani sitini na moja zimepita mikononi mwake, na sijasikia mfasiri aliyeondoka kwetu akamwombea mabaya.

Sasa nafika kwa Bwana Ivor Tranter, na hapa mkono wangu unakuwa mzito.

Wafanyakazi wa siku hizi hawamkumbuki vizuri. Alikuwa mwalimu wa Kilatini kule Malvern, mtu mrefu, mkimya, aliyekuja kila Alhamisi kwa basi la saa nane. Alipigana Italia mwaka 1944 na kurudi na goti lisilokunjika. Kila mtu alitazamia mtu kama huyo atafsiri vita. Hakutaka. "Walikuwa wapi hao washairi mikuki ikirushwa?" alikuwa akisema. "Bustanini, wakila zabibu." Akachukua mapenzi, na mapenzi ya Kirumi hayajapata kusemwa kwa Kiingereza vizuri kuliko alivyoyasema yeye miaka ile. Wapenzi wake walikuwa na baridi, na njaa, na wivu, na walicheka katikati ya ugomvi.

Mara moja kwa mwaka, hata hivyo, Bi Hathersage alimlazimisha kushika shairi la vita. Nakumbuka Alhamisi moja waligombana juu ya mkuki. Kilatini kilisema mkuki uliimba ukipita hewani. Bwana Tranter aliuandika unapita kimya.

"Hauimbi, Bi Hathersage," alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo kwenye vita vyako, Bwana Tranter. Kwenye vita hivi unaimba."

Chumba kizima kilishusha macho kwenye vikombe. Watu hawakuwa wakimjibu hivyo mtu aliyerudi kutoka vitani. Bwana Tranter alikaa akilipapasa goti lake. Kisha akasema, "Basi uimbe. Lakini kwa sauti ya chini, tafadhali." Wakacheka, wote wawili kwa pamoja, na sisi tukabaki kama wageni waliokosea nyumba.

Tulijua. Nani hakujua? Siku nyingine zote Bi Hathersage alivaa sweta ya kahawia, Alhamisi alivaa ya bluu. Alioka keki ya mbegu kwa ajili ya kisomo, na Bwana Tranter, aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba keki ya mbegu inamkumbusha sabuni, alikula vipande viwili kila wiki kwa miaka saba. Lakini hakuna aliyesema neno, hata wao wenyewe. Walikuwa watu wa kuitana Bwana na Bi, na waliweza kubishana mchana kutwa kuhusu busu la mwanamke aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita bila kugusana mikono wakipeana sukari.

Mwaka 1962 tulikuwa tukiandaa ile diwani kubwa ya mapenzi na vita pamoja. Shairi la kufungia lilikuwa barua ya askari asiyejulikana jina, aliyeko ngome ya kaskazini, kwa mwanamke wake aliyebaki nyumbani: beti kumi na moja za mishororo miwili miwili, theluji, buti zilizotoboka, na mlango anaomwomba asiufunge. Kulikuwa na vita humo na kulikuwa na mapenzi, na Bwana Tranter alilishughulikia kiangazi chote.

Alinikabidhi tafsiri hiyo yeye mwenyewe, mwezi wa Oktoba. Alisimama mbele ya meza yangu akizungusha kofia mkononi.

"Sparrey, hilo la mwisho lina beti kumi na mbili."

"Kwa Kilatini?"

"Kwa Kilatini ni kumi na moja." Akatazama dirishani. "Usiuguse huo mwingine. Mwachie yeye."

Alipoondoka niliusoma. Kwa maneno yetu ulikuwa hivi:

*Wewe uliyenivumilia makosa miaka saba,*
*nichukue mzimamzima, makosa yangu na mimi.*

Kilatini changu ni cha kuombea maji, lakini Kiingereza changu hakina tatizo. Yule askari wa ngomeni hakutaja miaka popote. Bi Hathersage alikuwa amemsahihisha Bwana Tranter tangu vuli ya 1955, na mkihesabu mtapata ileile saba. Mwanamume mwingine angemwalika matembezi kando ya mto, au angeleta maua. Yeye aliiweka posa yake pale alipojua macho ya Bi Hathersage yatapita, kwa sababu hapajawahi kuwa na mshororo ambao macho yake hayakuupita. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo alivyofikiri.

Wiki ile nusu ya nyumba ilikuwa kitandani kwa mafua. Bi Hathersage alibaki karibu peke yake na kurasa mia na arobaini. Prufu za shairi la mwisho, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, zilirudi kwangu Jumatano. Ubeti wa kumi na mbili ulikuwa umepigwa mstari wa bluu, umenyooka, kwa rula. Pembeni aliandika: "Haumo katika Kilatini. Mzuri, lakini hakuna aliyeuomba. Ondoa. M.H."

Naomba ieleweke kwamba aliwaandikia wote hivyo. Mchungaji alipata kama hiyo. Profesa wa viazi alipata mbaya zaidi. Wafasiri huongeza maneno kila siku, kujaza mizani au kujifurahisha, na kazi yake ilikuwa kuyatoa. Aliitoa posa aliyoletewa kwa uangalifu uleule aliotoa nao viazi.

Kesho yake Bwana Tranter alisimama mezani kwangu akaisoma ile prufu. Aliisoma muda mrefu mno kwa maneno machache namna ile.

"Basi," akasema. "Nimejibiwa."

Akachukua kalamu yangu, akaweka alama yake ya kukubali masahihisho. "Usimwambie kitu," aliongeza. "Usimsumbue." Akapanda juu kwenye kisomo, akala vipande vyake viwili vya keki.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. "Hajaelewa. Mwambie kwa mdomo." Kati ya meza yangu na chumba cha juu kuna ngazi kumi na nne tu. Sikuyasema siku ile, wala wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata.

Nimeamriwa nisipunguze, basi niseme kwa nini. Mwezi wa Juni mwaka uleule Beryl Dallow wa chumba chetu aliolewa. Ijumaa alipewa shada la maua, bakuli la kioo na hotuba. Jumatatu koti la mtu mwingine lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mwanamke wa nyumba hii aliyeolewa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, na hakuna aliyeuliza. Niliona kwamba Bi Hathersage akiolewa, diwani ile yote ingeniangukia mimi, na visomo, na maprofesa, na kabla ya mwezi kwisha kila mtu angejua kwamba nusu ya Kilatini nilichosifiwa ilikuwa yake. Alikuwa akinisitiri tangu siku ya kwanza, kimyakimya, bila kunidai hata shukrani. Nilinyamaza ili aendelee kunisitiri. Nilijiambia kuwa ni adabu, kwamba mambo ya watu hayaingiliwi. Ulikuwa woga mtupu.

Bwana Tranter aliendelea kuja Alhamisi kwa miaka ishirini na minne zaidi, mpaka goti lilipomkatalia basi. Hakukosa adabu hata siku moja, wala hakununa. Ila baada ya ile diwani aliomba apewe vita. Vita tupu. Mapenzi hakuyagusa tena. Magazeti yalisema hakuna Mwingereza aliyewahi kutafsiri vita vya Warumi namna ile, na yalisema kweli: mikuki yake ilipita kimya, na waliokufa walikufa bila hotuba. Kila sifa iliyochapishwa niliikata nikaibandika ukutani, nami najua nilikuwa nabandika nini.

Mwaka mmoja, nadhani 1970, Bi Hathersage alisimama mbele ya ukuta huo na kikombe chake. "Bwana Tranter ameacha mapenzi," alisema. "Sijui kwa nini. Alikuwa na mkono mzuri sana." Alinitazama, kama mtu anayetaka kusaidiwa.

"Watu hubadilika," nikamwambia.

Katika mambo yote niliyofanya katika nyumba hii, hilo ndilo ningelipa chochote kulifuta.

Bwana Tranter alifariki Januari mwaka huu. Tulikwenda kumzika Malvern, watu tisa, mvua ikinyesha. Chini ya koti jeusi Bi Hathersage alikuwa amevaa sweta ya bluu, naye alikuwa na miaka karibu sitini. Nilipoiona niliona siwezi tena. Wiki iliyofuata nilitoa prufu ya zamani kabatini, nikampelekea, nikamweleza alichosema Bwana Tranter alipoileta na alichosema alipoisoma.

Aliweka kidole juu ya ule mstari wa bluu, mstari wake mwenyewe. Alisoma maneno yaliyo chini yake mara moja, halafu mara ya pili.

"Nilikuwa nahesabu beti," akasema. "Mtu akihesabu hasomi." Kisha, "Wewe ulijua lini?"

"Kabla yako."

"Kwa hiyo umekaa nalo miaka thelathini."

"Thelathini na miezi mitatu," nikasema, kwa kuwa yeye ni mtu anayependa mambo yawe sahihi.

Kwa wiki tatu hakunisemesha. Aliniandikia vijikaratasi: "Bwana Sparrey, ukurasa wa 60, nukta." "Bwana Sparrey, dirisha." Alikuja kazini kila siku saa mbili na nusu kama kawaida, na kila siku macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilimwomba radhi kwa barua, maana uso kwa uso sikuweza. Ilirudi mezani kwangu imesahihishwa makosa mawili ya tahajia. Chini aliandika, "Nimeisoma. Bado nafikiri."

Wenzetu wa chumba cha uhariri, habari ilipowafikia, walitaka kumpa zawadi ya kumuaga. Ile diwani inatoka tena vuli hii, nao wakapendekeza ule ubeti urudishwe mahali pake, ukurasa wa mwisho, uchapwe hatimaye. Ni watu wenye moyo mzuri. Nilimpelekea wazo hilo mimi, nikitumaini, nakiri, kwamba lingenipunguzia mzigo.

"Haumo katika Kilatini," alisema.

"Najua, lakini..."

"Mwanafunzi wa Hereford au wa Leeds anafungua kitabu chetu akiamini kwamba kilichopo kulia kipo na kushoto. Nimdanganye kwa sababu mimi nina huzuni?" Akafunga faili. "Alitakiwa aniambie kwa Kiingereza, mpumbavu yule. Sote wawili tulikuwa tunakijua." Akageuka upande wa dirisha, akalia, na safari hii hakujificha.

Diwani inatoka na beti kumi na moja.

Mnaomfahamu mtataka kujua anakwenda kufanya nini. Dada yake Bwana Tranter amemletea masanduku mawili ya karatasi, na ndani yake, chini ya vita vyote, kuna mashairi ya mapenzi aliyokuwa akiyatafsiri nyumbani miaka yote hii bila kumwonyesha mtu. Bi Hathersage atayasoma. Nilimuuliza kama atatuletea tuchape. Alisema hapana, hayo ni yake, na kwamba hatatumia penseli.

Alhamisi iliyopita, baada ya kisomo, wengine waliposhuka, nilibaki kumsaidia kuosha vikombe. Nilimuuliza swali ambalo sikuwa na haki ya kuuliza: kama angejua siku ile, angejibu nini?

"Ningesema ndiyo," akajibu. "Tena ningeshuka ngazi mbio."

Akafuta kikombe, akakitundika, akachukua kingine.

"Na Jumatatu ningekuja kazini, Bwana Sparrey, saa mbili na nusu. Nani alikwambia ningeondoka?"

Hakuna aliyeniambia, Bi Hathersage. Sikuuliza. Kwa niaba ya nyumba yote ya Kettleby nakushukuru kwa miaka thelathini na minane na kwa kila mshororo uliotuokoa tusiaibike. Kwa niaba yangu mwenyewe nakuomba radhi, na nitangoja kadiri utakavyofikiri. Uwe na afya, uwe na jua la kutosha bustanini, na siku zako zote kuanzia kesho zizungukwe na watu wanaosema wanachojua.